Sahihi Ambayo Sikuitia

Kwenye ukuta wa bwalo la shule niliyosoma kidato cha tano na cha sita, juu kule milimani, kuna ubao wa mninga wenye majina manane yaliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Ndio mashuhuri wetu. Mwaka jana nilipita pale na mpwa wangu, akayasoma yote kwa sauti, kisha akanigeukia: "Mjomba, la kwako liko wapi?" Nikamjibu kwamba rangi iliwaishia. Akacheka kwa adabu, kama watoto wanavyowacheka wakubwa wakati mzaha haukufika.

Tangu siku hiyo najikuta nikifikiria ubao wa watu wengine. Kuna chuo kidogo mashambani Pennsylvania, Marekani, kiitwacho Lincoln. Mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, John Miller Dickey, pamoja na mkewe Sarah, walikianzisha mwaka 1854, wakati mamilioni ya watu weusi wa nchi ile walikuwa bado mali ya wenzao. Mwanzoni kiliitwa Ashmun. Jina la rais Lincoln kilipewa mwaka 1866, rais huyo akiwa ameshauawa. Hakikuwa chuo cha kutoa mafundi wala makarani. Vijana walisomeshwa lugha za kale, falsafa, historia, sayansi na Biblia, kwa imani kwamba mtu akishafunguka akili, kazi atajitafutia.

Sasa tazama waliotoka humo. Langston Hughes, mshairi, alihitimu mwaka 1929. Mwaka uliofuata wakahitimu Thurgood Marshall, aliyekuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani, na Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria. Azikiwe aliporudi Afrika Magharibi na kuanza kuandika magazeti, kijana mmoja wa Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, alivutiwa naye, akafunga safari kufuata nyayo zake. Huyo ni Kwame Nkrumah. Alifika Lincoln mwaka 1935 mfukoni hana kitu, na wakati wa likizo aliwahi kuuza samaki barabarani Harlem. Na zamani chuo hicho kilikuwa cha wanaume watupu. Lakini miaka mingi baadaye alisoma hapo Saara Kuugongelwa-Amadhila, binti aliyekulia uhamishoni, akaja kuwa waziri mkuu wa Namibia.

Orodha kama hii huwafanya wakuu wa vyuo wavimbe vichwa. Mimi kinachonishika ni kisa kimoja kisichoandikika kwa dhahabu.

Hughes alipojiunga na Lincoln alikuwa mtu mzima kuliko wenzake, ameshakuwa baharia na ameshachapisha kitabu. Akaona jambo ambalo wengine walikuwa wamelizoea: wanafunzi wote weusi, walimu wote weupe. Katika somo la sosholojia akaamua kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne kama wangependa kufundishwa na mtu mweusi. Wengi wakasema hapana. Miongoni mwa waliokuwa upande wa hapana, katika chuo kilichojengwa kwa ajili yao, alikuwa Thurgood Marshall. Ndiyo, Marshall yuleyule ambaye hoja zake mahakamani, mwaka 1954, zingevunja uhalali wa shule za kibaguzi nchini kwake.

Wakati ule alikuwa kijana wa utani na karata. Ila Lincoln kilikuwa na wanafunzi mia chache tu, na mahali padogo hapana pa kujificha. Uliyepingana naye mchana ndiye utakayekaa naye mezani jioni. Hughes hakumwacha. Walibishana, Marshall akageuka, na swali lilipopigiwa kura tena wanafunzi wakataka walimu weusi. Siku moja Marshall na wenzake waliingia sinema katika mji wa jirani wa Oxford, wakakaa viti vya chini vya weupe, wakakataa kuhamia roshani.

Na sisi huku Afrika Mashariki tulionja matunda ya ubishi ule. Januari 1960, ujumbe wa Waafrika wa Kenya ulipokwenda kwenye mazungumzo ya katiba Lancaster House, London, ukiongozwa na Ronald Ngala na Tom Mboya akiwa katibu wake, mshauri wao wa katiba alikuwa Marshall. Aliwaandalia rasimu ya sura ya haki. Na humo aliwawekea kinga hata Wahindi na walowezi weupe, watu ambao katika Kenya huru wangekuwa wachache. Huenda mtu aliyewahi kukosea na kusahihishwa na rafiki huwa mwangalifu zaidi na haki ya asiyempenda. Sina ushahidi, ni hisia yangu tu.

Ninayasema haya kwa sababu ya jambo langu. Kidato cha sita tulikuwa wanafunzi kumi na tisa katika mchepuo wetu. Muhula wa pili mmoja wetu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, miezi mitatu kabla ya mtihani. Mwenzetu mwingine, mpole, asiyesikika darasani, aliandika barua kwa mkuu wa shule na kuipitisha kitanda kwa kitanda tutie sahihi. Waliotia ni kumi na moja. Mimi nilisema nasoma, aje baadaye. Alikuja baadaye. Nikajifanya nimelala.

Yule wa ada hakufanya mtihani na sisi. Mwenye barua sasa ni mwalimu wa sekondari kusini, jina lake haliko kwenye ubao wa mninga, na mara moja kwa mwaka hunipigia simu. Tunazungumza habari za watoto, mvua, bei ya mbolea. Kisha, kabla hajakata, huuliza kwa sauti ileile ya chini ya bwenini: "Bwana, umeamka?"