Kurudisha Baiskeli

Baba mdogo aliishusha kutoka kwenye boriti ya jiko la bibi, nyeusi kwa masizi, haina magurudumu, haina kiti, usukani umepinda kushoto. "Raleigh," akasema, akaigonga kwa kidole nisikie mlio wake. "Babu yako alikata mkonge Tanga miaka mitatu ili aipate. Itengeneze iwe kama zamani."

Nilikubali haraka mno. Nilikuwa nimerudi Sumbawanga baada ya chuo, sina kazi, na usiku nilikuwa natazama video za wastaafu wa Kizungu wakifufua baiskeli kuukuu kwenye gereji zao safi. Nilitaka na mimi niwe na kitu cha kufufua.

Kazi ya kwanza ni kujua ulichonacho. Ufipa kila baiskeli ya zamani ni Raleigh, kama kila sabuni ya unga ilivyo Omo na kila dawa ya meno ilivyo Colgate. Raleigh ya kweli ina nembo ya kichwa cha korongo kwenye bomba la mbele. Kwetu palikuwa pamebaki matundu ya ribiti tu. Kama ingekuwa na habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, mwaka wake ungesomeka, maana ulikuwa ukigongwa kwenye ganda la habu. Habu haikuwepo. Namba ya fremu ilikuwepo, imeliwa na kutu katikati, na hata ingekuwa nzima, orodha za namba za zamani zina mapengo mengi.

Ushahidi ulitoka chini, panapopita ekseli ya pedali. Fundi mmoja karibu na stendi alijaribu kufunga kikombe kipya. Kikaingia mzunguko mmoja, kikagoma. "Usilazimishe, mwanangu," akasema, ingawa aliyekuwa ameshika spana ni yeye. "Hesi za hii ni nyembamba." Tukaosha kikombe cha zamani kwa mafuta ya taa, tukakiwekea rula: hesi 13 katika nusu inchi. Viwanda vingine vya Uingereza kwa kawaida vilikata hesi 24 kwa inchi. Raleigh, pale Nottingham, walikuwa na kipimo chao cha 26. Nikaruka kwa furaha, kisha nikakaa. Raleigh ndio waliokuja kuimiliki Humber mwaka 1932 na Rudge mwaka 1943, na wapo waigaji India waliofuata kipimo hichohicho. Humber ingejulikana kwa foko yake ya mabomba pacha, na yetu ilikuwa ya kawaida, lakini foko hubadilishwa. Hesi zilinitajia ukoo, jina hazikulitaja.

Jina nililipata siku mbili baadaye, nikiwa na msasa.

Rangi ya juu ilikuwa ya kijani, ile ya kupaka milango, imepakwa kwa mkono mzito. Chini yake kulikuwa na nyeusi nyembamba inayong'aa, ya kiwandani. Na kwenye ubavu wa bomba la kiti, kijani kilipokuwa kinene kuliko kwingine, msasa ulianza kurukaruka. Pale palikuwa na herufi, zimepigwa kwa ncha ya msumari, nukta baada ya nukta, kama watu walivyokuwa wakitia alama mali zao zisiibwe. Jina na jina la baba. Halikuwa la babu yangu. Sitaliandika hapa.

Nilimpelekea bibi fremu uani. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo aliyasoma yale maandishi kwa kidole gumba, halafu akakaa kimya hadi nikadhani amesinzia. "Mume wangu," akaniambia, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu, "nani amekutuma ukwangue?"

Babu alikwenda Tanga kweli. Alirudi na blanketi mbili na kifua kibovu. Baiskeli ilikuja baadaye, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa kutoka mashamba yao kwenda kupangwa kwenye mistari. Mwenye jina lile alikuwa mtu wa jirani. Yeye alipelekwa upande wa Laela, na mwaka uliofuata, 1975, njaa ilipobana, akaja na baiskeli. Babu alimpa debe nne za mahindi. Baiskeli ikabaki rehani. Baada ya mavuno mawili yule mtu akarudi na fedha mkononi, akaikuta ya kijani.

"Babu yako akamwambia, baiskeli yako ni nyeusi, hii siyo."

Bibi alilisema hilo kwa sauti ya babu. Nadhani alikuwa amelibeba tayari tangu siku ile.

Baba mdogo alizaliwa mwaka 1972, kwa hiyo anachokijua ni alichosimuliwa. Nilipomweleza, hakukataa kwamba ilitokea. Alisema mambo mawili ambayo bado sijui kuyajibu vizuri. La kwanza: "Fremu ndiyo ya yule mzee. Magurudumu aliyanunua babu, mnyororo aliununua babu, karia babu, pedali babu, mara ngapi? Ilikuwa imebaki nini cha mtu mwingine?" La pili: "Baiskeli hiyo ndiyo iliyombeba baba yako hospitali akiwa na degedege. Unataka kuniambia alibebwa na wizi?"

Kwenye darasa la falsafa tulisoma merikebu ya Theseus, ile iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka haukubaki ubao wa mwanzo, na mwalimu akatuuliza kama bado ni merikebu ileile. Tulibishana saa nzima tukifurahi. Hakuna aliyeuliza kama merikebu ilikuwa ya Theseus kwa haki. Sasa naona fumbo lile lina raha kwa sababu mwenye mali ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Weka wawili, na kila spoku iliyobadilishwa inageuka hoja ya kesi.

Fundi alikuwa na maoni tofauti. Amekulia kijiji ambacho bado kina mabaki ya malungu, tanuru ndefu za udongo ambazo Wafipa walizitumia kuyeyushia mawe ya chuma kabla majembe ya dukani hayajaua kazi hiyo. "Jembe likiisha," akasema, "lilirudishwa motoni likawa shoka, shoka likawa kisu. Chuma hakina ukoo." Ni hoja nzuri, na kwa muda ilinituliza. Ila jembe lililorudishwa motoni lilirudishwa na mwenyewe, mchana, watu wakiona. Babu hakuyeyusha kitu. Alinunua kopo la rangi.

Nilijaribu pia mlango wa sheria. Sheria yetu ya ukomo ya mwaka 1971 inampa mtu miaka 12 kudai ardhi na 6 kudai haki ya mkataba. Yule mzee, hata angekuwa hai, asingesikilizwa na hakimu yeyote. Ninaielewa busara yake. Bila ukomo tungeishi tukishitakiana kwa makosa ya mababu. Lakini hakimu hakuwahi kuwepo katika habari hii. Waliokuwepo ni watu wawili na mashahidi waliojua rangi ya kwanza, na mmoja wao yuko uani anaanika dagaa.

Nilichokuwa nimeombwa ni "iwe kama zamani". Zamani ipi? Kuna zamani ya Nottingham, nyeusi na korongo wake. Kuna ya msumari, pale mtu alipoinama juu ya chuma akaandika jina lake nukta kwa nukta kwa sababu kilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote alivyowahi kumiliki. Kuna ya kijani, ambayo ndani yake baba yangu alipona. Wanaofufua baiskeli huko ng'ambo wana msemo wao kwamba rangi ya asili ikiwepo, hata iliyochakaa, usiiguse. Wanadhani asili ni kiwanda. Na mimi nilikuwa nimekwisha kukwangua nusu ya kijani bila kumuuliza mtu, kwa hiyo hata ushahidi wa kosa la babu niliuharibu kiasi.

Kiswahili kilinisumbua kuliko fundi. Kurudisha baiskeli katika hali yake, kurudisha baiskeli kwa mwenyewe: neno ni moja. Kila nilipoulizwa "umefikia wapi kuirudisha?" nilijisikia nimeshikwa.

Niliimaliza kwa magurudumu ya mtumba na breki za vyuma zilizonyooshwa upya. Sikuipaka rangi. Niliifuta kwa mafuta ili nyeusi ya zamani, mabaki ya kijani na lile jina vyote vionekane, na nakiri nilijiona mtu mwenye hekima sana. Baba mdogo hakuja kuiona. Hadi leo tunasalimiana kwa simu tu, kwa ufupi.

Laela niliipeleka juu ya keria ya basi. Mtoto wa yule mzee sasa ni mzee mwenyewe, mwenye shamba la alizeti kando ya barabara. Nilimwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilipokaribishwa kiti nilishindwa kukaa. Akasikiliza. Akalishika jina la baba yake, akaliachia. Akazungusha pedali, akabana matairi kwa vidole viwili.

"Debe nne?" akauliza.

"Nne, mzee. Bibi ndivyo anavyokumbuka."

"Baba alisema tatu." Akafikiri. "Basi nne. Nitakupa gunia la mahindi umpelekee mama. Hilo ni deni letu." Kisha akainama tena juu ya fremu, akakunja uso. "Lakini mbona hamkuipaka rangi? Itaoza mvua ya kwanza tu."

Nilijaribu kumweleza kuhusu tabaka, kuhusu historia. Alinisubiri nimalize. Tukaenda dukani, tukanunua kopo moja la nyeusi. Nilitaka kuzungushia jina karatasi ya gundi kabla hajaanza, akasema si lazima, herufi zimeingia ndani, zitaonekana tu. Akapaka taratibu, toka mbele kwenda nyuma, akaniuliza kama breki ya nyuma inashika.