Nani Alisema Hii ni Kwekwe?

Swali langu ni dogo, na ningependa tulitazame polepole: kitu hugeuka kuwa kwekwe wakati gani? Kinapoota? Kinapoanza kuharibu? Ama ni pale mwenye ploti anaposimama verandani na kikombe cha chai, ananyoosha kidole na kusema, "Hiyo itolewe"?

Nauliza kwa sababu hiyo kazi ya kuitoa naifanya. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Wasee wa kuandika mnajua kuna miezi ambayo invoisi inalala kwa imeli ya mtu, na landilodi halali. Miezi hiyo humfuata mjomba wangu, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini ametunza nyasi za watu upande wa Runda na Kiambu Road. Ana mvi na wajukuu wawili, na bado kuna nyumba anakoitwa shamba boi.

Ukoka wa nyumbani ni shamba la ajabu sana ukilifikiria. Unalipanda, unalimwagilia, unalitia mbolea, halafu linapotaka tu kutoa mbegu unalikata. Hakuna siku ya kuvuna. Uingereza, ambako mtindo huu ulikolea, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kabla ya mashine, kondoo na watu wenye miundu ndio walioziweka nyasi fupi. Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilibuniwa huko na Edwin Budding mwaka wa 1830. Sisi Nairobi tuna mvua ya masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Katikati hapo, nyasi ikibaki kijani ujue kuna mtu ameshika mpira wa maji. Na upande mwingine wa mji huu, wiki hiyo hiyo, kuna mtu amepanga foleni na mtungi wa lita ishirini.

Sisemi hivyo ili tuwachukie wenye nyasi. Mimi mwenyewe napenda kulala juu ya nyasi iliyokatwa vizuri, tena sana. Nasema tu kwamba shamba lisilo na mavuno lina shida moja: huwezi kuupima mmea kwa kile unachozaa. Mahindi yakimea katikati ya maharagwe, kuna mahesabu ya kufanya, yatatoa nini na yatanyima nini. Kwenye ukoka hakuna mahesabu. Kuna sura tu. Kinachofanana kinabaki, kisichofanana kinaondoka.

Na hata hiyo sura inategemea umesimama wapi. Chukua ile nyasi nene inayotambaa, ambayo dunia nzima huiita kikuyu grass. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, hapa hapa kwetu. Nairobi watu hulipa pesa nzuri kuletewa miche yake kwa magunia. Marekani, mmea huo huo umo kwenye orodha ya serikali kuu ya magugu hatari. Mzizi ni ule ule na jani ni lile lile. Huku ni urembo wa nyumba, kule ni mhalifu wa kutafutwa. Mmea wenyewe haujabadilisha tabia hata kidogo.

Sasa geuza upande wa pili. Mvua za kwanza zikinyesha, kando ya ua na kwenye sehemu zilizo wazi huchipuka managu na terere, bila kupandwa na mtu. Zamani hizo ziliitwa mboga za maskini, na aliyelima kisasa alizing'oa. Leo ziko supamaketi, zimefungwa kwa raba, na bei yake si ya maskini tena. Kwenye nyumba moja tunayotunza, dada anayefanya kazi ya ndani huwa anatoka asubuhi na sufuria, anachuma terere kando ya ua kabla hatujafika. Siku moja mwenye nyumba alimwambia mjomba, kwa upole kabisa, "Baba, hii takataka nataka ipigwe dawa, imenichosha."

Mjomba akamjibu, "Sawa Madam, lakini hiyo ni mboga. Kuna mtu anaila."

"Anaila nani?"

Mjomba alinyamaza. Kumtaja dada kungemletea maneno, na kutomtaja kungemwacha achume mboga iliyopigwa dawa. Mwishowe alisema, "Nipe wiki moja nitoe kwa mkono." Ile wiki dada alijaza sufuria hadi jirani akagawiwa.

Na hiyo dawa ina hadithi yake. Dawa ya magugu inayotumiwa sana kwenye nyasi ni ile inayochagua: huua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi zikisimama. Managu, terere, kishona nguo, vyote ni majani mapana. Lakini adui mkubwa wa ukoka, muulize mtunza bustani yeyote, ni ndago. Ndago inafanana na nyasi kwa mbali. Chini ya udongo ina viazi vidogo vilivyoungana kama shanga, na ukikata majani, vile viazi vinachipua upya. Dawa ya majani mapana haiiwezi. Kwa hivyo mtu anaweza kupiga dawa bustani nzima, akaua kila kitu kinacholika, na kumwachia nafasi yule anayekaba nyasi kweli kweli. Kwa jicho la haraka, ndago haina kosa kwa sababu inafanana na wenyeji.

Mtu makini ataniuliza: kwa hivyo hakuna kwekwe kabisa? Yote ni maoni ya mwenye ploti? Hapana. Hapo sitakubali. Nenda Baringo uulize kuhusu mathenge. Ule mti uliletwa kwa nia njema, mapema miaka ya 1980, kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ukafunga njia, ukameza malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hadi wakazi wakaenda mahakamani na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Ama nenda Kisumu uone gugumaji, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake, ukaingia Ziwa Viktoria miaka ya mwisho ya 1980. Mvuvi ambaye mtumbwi wake umekwama kwenye zulia lile hahitaji falsafa yangu.

Lakini tazama walivyofanya wale watu wa Baringo. Hawakwenda mbele ya hakimu kusema tu, "Huu ni mti mbaya, si wa kwetu." Walimpeleka mbuzi. Walisema umefanya nini, umemfanyia nani, na huyu hapa. Hilo ni shtaka. Linaweza kuchunguzwa, likakubaliwa ama likakataliwa. "Ni kwekwe" si shtaka. Ni hukumu iliyofika kabla ya kesi.

Hapa ndipo swali langu linatoka kwenye bustani, na tangu mwanzo nilijua litatoka. Katika nchi hii neno hili limewahi kutumiwa kwa watu. Katika Bonde la Ufa, miaka ya uchaguzi, jirani aliyekuja kutoka mkoa mwingine aliitwa doa, akaitwa kwekwe. Baada ya kura za Desemba 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Miaka hiyo hiyo, kikosi cha polisi kilichotumwa kupambana na Mungiki kilijulikana kwa jina la Kwekwe, na mwaka wa 2009 Philip Alston, mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji yasiyo ya kisheria, alikuja hapa na kuandika kuhusu vikosi vya mauaji ndani ya polisi wetu. Mwaka wa 2022, tume ya uwiano na utangamano ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, kwekwe na madoadoa yalikuwemo.

Kwa nini neno la bustani lifanye kazi hiyo vizuri hivyo? Nimelifikiria sana nikiwa nimepiga magoti. Nadhani ni kwa sababu kung'oa kwekwe ni kazi safi. Hakuna anayeota vibaya usiku kwa sababu aling'oa ndago. Unatoka jasho, unaangalia nyuma, unaona kumependeza, unaoga unalala. Ukimpa mtu neno hilo amwitie jirani yake, umempa pia ule usingizi. Tena kwekwe haing'olewi nusu. Kila mkulima anajua unatoa mzizi na viazi vyake vyote, hata vile vidogo. Hebu ifikirie hiyo sentensi ikiwa inazungumzia nyumba yenye watoto.

Sihitaji hata kwenda mbali hadi kwa mauaji. Kijana wa mtaani akipigwa risasi, utasikia mtu mzima, mcha Mungu, akisema kwamba angalau mtaa umesafishwa. Ukoo nao una msamiati wake kwa mtu aliyeacha chuo na anayeshinda kwa kompyuta bila bosi. Ukubwa wa madhara si sawa, na sitajifanya kwamba ni sawa. Lakini wote wanakwepa kazi ile ile, ya kusema huyu mtu amefanya nini hasa, na kumfanyia nani.

Waliokua Sunday School wanaukumbuka mfano wa ngano na magugu, katika Mathayo 13. Watumwa wanataka kung'oa, bwana anawakataza wasije wakang'oa na ngano, viachwe vyote vikue hadi mavuno. Nilikuwa nauona kama mfano wa subira tu. Siku hizi nausikia kama onyo kwa mikono yetu: bwana haamini kwamba watumwa wake wanaweza kutofautisha. Na mfano huo unafanya kazi kwa sababu shamba lile lina mavuno, kuna siku kila mmea utaonyesha ulichobeba. Nchi inayotaka kuonekana nadhifu kila Jumamosi asubuhi haimpi mtu muda wa kubeba chochote.

Mjomba ana mbinu yake, na sijui kama yeye huiita falsafa. Ukimwambia kwekwe zimezidi, hashiki dawa kwanza. Anashika udongo. Anaangalia ni wapi pamekanyagwa pakawa pagumu, ni wapi mashine ilikata chini sana hadi udongo ukaonekana, ni wapi maji hayafiki. Anasema kwekwe haivunji mlango, inaingia palipo wazi. Analegeza udongo kwa jembe la meno, anaongeza samadi, anainua kisu cha mashine ili nyasi ibaki ndefu kidogo na ijifunike yenyewe. Kisha, mvua ikishalainisha ardhi, anachimba ndago moja moja, na viazi vyake. Kazi ya dawa ni asubuhi moja. Yake inachukua misimu miwili, na wateja wengine hawamngojei.

Mwaka wa 2027 tunapiga kura tena. Utalisikia hilo neno, ama ndugu yake mpya wa Sheng ambaye bado hajaingia kwenye orodha ya tume yoyote. Litakuja kwa meme, kwa wimbo wa kampeni, kwa voisi nouti ya anko unayempenda. Ukilisikia, usianze kwa kugombana. Muulize tu swali la Baringo: Anko, mbuzi yuko wapi? Amefanya nini, kwa nani? Akiwa na jibu, kuna OB na kuna hakimu, mambo yaende huko. Akikosa jibu, angalau kila mtu kwenye hilo grupu atakuwa amesikia kimya chake.