Jiko ni la Nani?

Katika Injili ya Yohana, sura ya 21, twasoma kwamba Bwana wetu alipokwisha kufufuka aliwangoja wanafunzi wake pwani, moto wa makaa ukiwa tayari na samaki juu yake. Mfalme wa mbingu aliwapikia wavuvi. Basi hatujui waume wengi Wakristo walijifunza wapi kwamba jiko ni shughuli ya wanawake, isiyostahili fikira zao wala fedha zao.

Twasema fedha, maana hapo ndipo penye neno. Mijini kwetu jamaa nyingi hukaa katika chumba kimoja au viwili vya kupanga. Jiko la mkaa huwekwa ukumbini. Mvua ikinyesha, huingizwa ndani. Mama huliinamia asubuhi na jioni, mtoto mgongoni. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu waliolala madirisha yamefungwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani ulileta vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na katika hao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitoa mkakati wenye shabaha kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wapike kwa nishati safi. Shabaha njema. Lakini mwenye nyumba akataza jiko la umeme, kwa kuwa mita ni moja na wapangaji hugombana kila mwezi. Naye mume asema mtungi wa gesi ni ghali, wala hahesabu mkaa wa kopo unaonunuliwa kila siku, kwa sababu fedha yake hutoka katika posho ya mkewe. Walio fukara kweli hatuwalaumu. Twasema juu ya nyumba yenye televisheni kubwa ndani na jiko la mkaa mlangoni.

Sheria ya Ndoa ya 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwenye haki ya kuulizwa nyumba inapouzwa, yafaa aulizwe pia inapojengwa: jiko likae wapi, moshi utokee wapi. Na wenye nyumba za kupangisha, ambao wengi wao twawaona kanisani kila Dominika, wanaweza kuanza na mita ndogo kwa kila mpangaji.