Kufuga na Kufunga: Deni la Mwenye Tangi

Kiswahili kimeyaweka karibu mno maneno mawili: kufuga na kufunga. Yanatenganishwa na sauti moja tu, na mara nyingi maishani tofauti hiyo haisikiki. Hata hivyo, mbuzi aliyefungwa kamba hufunguliwa asubuhi akaenda malishoni, na njiwa huruka akarudi mwenyewe. Samaki wa mapambo hana malisho wala marejeo. Kila alicho nacho, hata maji anayopumulia, amepewa na aliyemnunua. Je, anayemweka kiumbe katika hali hiyo anamtendea wema, au anamdhulumu kwa upole?

Swali hili lilipata uzito wa pekee katika nyumba za Durban zenye matangi ya diskasi. Diskasi ni samaki bapa, wa mviringo kama sahani, ambaye asili yake ni bonde la mto Amazon. Mwanasayansi wa Vienna, Johann Jakob Heckel, alimpa jina la kitaalamu mwaka 1840. Anataka maji laini yenye joto la nyuzi 28 hadi 30, yasiyo na klorini, na yabadilishwe mara kwa mara. Ana jambo moja linalowavuta wengi: vifaranga wake, katika siku zao za mwanzo, hula ute unaotoka kwenye ngozi ya baba na mama. Ni wachache miongoni mwa samaki wanaolea hivyo.

Durban ni mji wa joto, lakini usiku wa Julai nyumba hupoa chini sana ya nyuzi 28. Kwa hiyo diskasi wa Durban huishi kwa hita na pampu, yaani kwa umeme. Umeme nao, katika miaka ya mgawo wa Eskom na hasa mwaka 2023, ulikatika kwa saa nyingi kila siku. Pampu ikisimama, hewa hupungua majini. Na maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi. Bakteria wanaoishi katika chujio, ambao kazi yao ni kuondoa sumu ya kinyesi, huanza kufa. Tangi lililokuwa makazi hugeuka mtego, na aliyemo ndani hana pa kukimbilia.

Wako watakaosema: basi mwachie huru. Lakini uhuru gani? Diskasi wengi wanaouzwa leo hawakutoka Amazon. Walizaliwa katika matangi ya wafugaji, wengi wao wa Asia, wakachaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya rangi ambazo porini zingewaita maadui. Hawana kwao pa kurudi. Na kumtupa samaki mgeni mtoni ni kuhamishia madhara kwa wengine. Katika mto Nseleni, kaskazini mwa Durban katika jimbo hilohilo la KwaZulu-Natal, wamo leo samaki wenye magamba magumu kama deraya, wenyeji wa Amerika Kusini, waliofika kwa njia ya biashara ya samaki wa mapambo. Huruma ya namna hiyo humpunguzia mtu mzigo kwa kuutwisha mto.

Wala tangi lenyewe si dhambi. Baada ya sangara kuingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, aina nyingi za furu zilitoweka, na baadhi ya zilizosalia zilihifadhiwa katika matangi ya nchi za mbali. Huko kioo kilikuwa kimbilio. Uzito wa jambo hauko katika kioo, uko katika sababu ya kukijaza. Furu aliwekwa kwa ajili ya uhai wa furu. Diskasi wa sebuleni amewekwa kwa ajili ya macho ya mwenye nyumba.

Ndiyo maana neno “huruma” halitoshi hapa. Huruma ni hiari: mtu huitoa akitaka, huisitisha akichoka. Anayemnunua diskasi ameutengeneza uhitaji huo kwa mkono wake na kwa raha yake. Alichonacho ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Wahenga waliagiza mgeni wa siku ya tatu apewe jembe. Mgeni huyu hawezi kupewa jembe kamwe, na hakuomba kuja.

Lakini deni hulipwa kwa mali ya nani? Aprili 2022 mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 katika KwaZulu-Natal. Mtambo wa kusafisha maji wa Tongaat, kaskazini mwa Durban, uliharibiwa, na wakazi wakakaa miezi kadhaa wakichota maji kwenye malori. Katika hali kama hiyo ndoo kumi za kubadilishia maji ya tangi si jambo la faragha tena. Kumnyima samaki ni kuvunja ahadi. Kumpa kilicho haki ya jirani ni kulipa deni kwa fedha ya mwingine. Anayedaiwa ni mfugaji peke yake. Akiba ya maji aliyoiweka mapema, betri aliyoinunua, usingizi anaoukatiza ili atie hewa kwa mkono: hayo ndiyo malipo halali.

Kwa hiyo swali la maadili huchelewa likiulizwa gizani, pampu ikiwa imekwisha kusimama. Mahali pake ni dukani, kabla ya mfuko wa plastiki kufungwa, wakati uzuri wa samaki ungali bure na hakuna anayemdai mtu chochote. Anayeweza kujibu kwamba atalipa hata siku ambayo uzuri hautaonekana, huyo atafuga. Asiyeweza atafunga tu, hata kama kioo chake kinang’aa.