Mgeni Mwenye Jembe Lake

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili si la uchoyo, kama wengine wanavyolidhani. Maana yake ni kwamba nyumba ina siku zake za kumheshimu mgeni kwa chakula na kitanda, kisha huja siku ambayo heshima yenyewe ni kumhesabu kuwa mmoja wa nyumbani, atoke asubuhi pamoja na wengine kwenda shambani. Hapo huacha kutazamwa, huanza kutegemewa.

Lakini siku hizi amekuja mgeni wa namna nyingine, ambaye wazee hawakumjua. Yeye huja na jembe lake mkobani, nalo ni kompyuta ndogo. Shamba analolilima li mbali, katika nchi nyingine, na mavuno yake humfikia kwa njia ya benki. Hukaa Tallinn akafanya kazi ya bwana aliye Toronto; hukaa Nairobi akaandika hesabu za duka lililo London. Je, mtu huyu ni mtembezi, au ni mtenda kazi? Naye awiwa nini na nchi anayolala, ikiwa shamba lake haliko humo? Swali hili twataka kulifikiri leo, maana limekwisha kufika milangoni petu. Vijana wetu wa Arusha, Moshi na Nairobi wako wanaowafanyia kazi watu wa Ulaya na Marekani kwa njia hii, na baadhi yao hutamani kwenda kukaa mbali pamoja na kazi yao. Tena wageni wa namna hii hupanga nyumba katika miji yetu. Mwalimu wa kanisa hujiwa na kijana akiomba shauri, au akiomba barua ya kumshuhudia kwa ubalozi. Yafaa basi alijue jambo lenyewe kabla hajashika kalamu.

Zamani sheria za nchi nyingi zilikuwa na milango miwili mikubwa kwa mgeni: mlango wa mtembezi na mlango wa mtenda kazi. Mtembezi alikatazwa kazi; mtenda kazi alitakiwa kwa kawaida awe na bwana wake mle mle nchini. Mtu wa kompyuta hakuenea vizuri katika mlango wowote. Ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka 2020, watu wengi sana walifanya kazi nyumbani mwao, wakaona kwamba nyumba hiyo yaweza kuwa popote. Na nchi zilizoishi kwa fedha za watalii ziliona hoteli zao tupu. Ndipo mlango wa tatu ulipofunguliwa. Mwezi wa Julai 2020 Barbados ilianza kutoa ruhusa ya miezi 12 kwa mtu ambaye mapato yake ya mwaka hayapungui dola 50,000 za Marekani. Estonia ilianza tarehe 1 Agosti 2020. Ureno ilifuata mwezi wa Oktoba 2022, na Namibia mwaka ule ule. Mwezi wa Oktoba 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba Kenya nayo itatoa kibali cha namna hii.

Tuitazame Estonia, ili tusiseme kwa jumla tu. Ni nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, yenye watu kama milioni 1.3. Mwombaji yampasa kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kazi yake yaweza kufanywa mahali popote kwa njia ya mitambo ya mawasiliano. Pili, bwana wake au kampuni yake imeandikishwa nje ya Estonia, au wateja wake wengi wako nje. Tatu, katika miezi 6 iliyotangulia maombi alipata kila mwezi kiasi kilichowekwa. Nacho kilikuwa yuro 3,504 hapo mwanzo, kisha kikapandishwa kuwa yuro 4,500. Viza yenyewe haizidi mwaka mmoja. Na mtu akikaa nchini zaidi ya siku 183 katika miezi 12, sheria ya kodi humhesabu kuwa mkazi. Yaani nchi ile imesema waziwazi: Njoo na jembe lako, utuonyeshe shamba lako liko wapi na lazaa kiasi gani.

Basi, neno la kwanza ni la kweli. Wako wengi wasiopita katika mlango huu, ila huomba ruhusa ya matembezi. Wakiulizwa, "Umekuja kwa nini?" hujibu, "Matembezi," nao wajua ya kuwa kesho asubuhi watafungua kompyuta na kufanya kazi miezi mitatu. Hujitetea hivi: "Simnyang'anyi mtu kazi. Mshahara wangu watoka mbali, nami nautumia hapa. Wenyeji wapata faida. Tena sikusema uongo, maana siku ya Jumapili nitatembea kweli." Tuyapime maneno haya. Kwamba hamnyang'anyi mtu kazi, yaweza kuwa kweli. Kwamba atatembea, ni kweli. Lakini kusema kweli si kuchunga maneno ya kinywa tu. Ni kuchunga pia lile unalotaka msikiaji aliamini. Ukichagua neno la kweli ili mwenzako ashike jambo lisilo kweli, umemdanganya, hata kama kila neno lako laweza kuthibitishwa. Muuza matunda apangaye mazuri juu na mabovu chini hakusema neno lolote, na mnunuzi amedanganyika.

Tena afisa aulizaye mlangoni haulizi kwa udadisi. Huuliza kwa ajili ya watu wa nchi ile, ambao wana haki ya kuamua ni nani akae kwao, na kwa shughuli gani. Amfichaye jambo huwaondolea wenyeji haki hiyo. Ubaya uko hapo. Hauko katika kazi, ambayo yaweza kuwa njema sana, bali katika kuwaamulia wengine jambo lililo lao. Lakini tusiwe wakali kupita kiasi. Mtu aliye likizoni akajibu barua moja ya ofisi hakuhamisha shamba lake. Na pale ambapo sheria haisemi wazi, kuwa na shaka si kosa. Kosa ni kuigeuza shaka kuwa ruhusa. Mwenye shaka na aulize ubalozini, tena kwa maandishi.

Kuna uongo mwingine tunaoujua sana katika nchi zetu, nao husemwa kwa tarakimu. Kijana hutakiwa kuonyesha hati ya benki. Basi wajomba, shangazi na rafiki huchanga, kila mmoja humwekea fedha yake. Hesabu hufura kwa juma moja, hati hupigwa chapa, kisha fedha hurudi kwa wenyewe. Watu huona kwamba ni kusaidiana tu. Kusaidiana ni kuzuri, wala hatukudharau. Lakini fedha ikiwa ni zawadi, na iitwe zawadi. Ikiwa ni mkopo, na iitwe mkopo. Hati ile yasema, "Hizi ni zangu, nami nimezipata kwa kazi yangu." Ndiyo maana Estonia haikuuliza tu, "Una kiasi gani leo?" bali yauliza habari za miezi 6. Aliyeandika sheria ile alijua kwamba jembe laweza kuazimwa kwa siku moja, lakini mavuno ya nusu mwaka ni vigumu kuyaazima.

Sasa tumefika kwenye hoja iliyo nzito, nasi hatutaki kuikwepa. Kijana atasema: "Mlango wenyewe si wa haki. Mtu wa Ulaya aja kwetu kwa kujaza fomu ya intaneti, nami kwenda kwao naombwa karatasi za maisha yangu yote. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, nami nikikataliwa sirudishiwi. Tena mlango huu mpya hupima mfuko. Wangapi katika walimu wetu wapata yuro 4,500 kwa mwezi? Mizani ikiwa ya hila, kwa nini mimi peke yangu nitakiwe kuweka uzito wa kweli?"

Twakubali sehemu kubwa ya maneno haya. Ada isiyorudi huwa nyepesi kwa tajiri na nzito kwa maskini. Na mlango uangaliao mapato peke yake waweza kumwacha nje fundi mwema na kumwingiza mvivu aliyerithi kampuni. Yafaa mambo haya yasemwe kwa sauti, mbele ya mabalozi na wabunge, wala yasinong'onwe tu. Lakini kutoka hapo hakutufikishi kwenye ruhusa ya kudanganya. Maana uongo wa mwombaji haumpigi yule aliyeiweka mizani. Humpiga mwombaji wa nyuma yake. Afisa aliyedanganywa na hati kumi za benki ataitazama ya kumi na moja kwa shaka, nayo huenda ni ya binti aliyefanya kazi kwa uaminifu miaka mitano. Yule binti ndiye atakayelipa. Mtu asemaye, "Nimeshindana na dhuluma," na kumbe amemtwika jirani yake mzigo, hakushindana na dhuluma, ameigawa tu.

Tena kuna njia ya halali ya kushindana. Kwa sheria ya viza ya Schengen, iliyotungwa mwaka 2009, mtu aliyekataliwa viza ya muda mfupi lazima aelezwe sababu, naye ana haki ya kukata rufani. Wengi wetu hutupa karatasi ile kwa uchungu bila kuisoma. Na isomwe, ijibiwe kwa heshima na kwa ushahidi. Ndiyo njia iliyo ndefu, twajua, wala haileti ushindi kila mara. Lakini aipitaye humwachia mwenzake mlango jinsi alivyoukuta, au wazi zaidi kidogo.

Neno la pili ni la deni. Tuseme mtu ameomba kwa kweli, amepewa viza, amepanga chumba. Je, amemaliza? Wako wanaodhani kwamba karatasi ni risiti: nimelipa ada, siwiwi neno na mtu. Lakini atembea katika barabara aliyoijenga mwingine. Akiugua, wauguzi wa mji ndio wampokeao. Usiku hulala salama kwa sababu ya askari ambaye mshahara wake watoka katika kodi za wenyeji. Kwa hiyo siku zile 183 si hila ya watoza ushuru. Ni namna ya sheria ya kusema lile walilosema wazee juu ya siku ya tatu. Ahesabuye siku zake ili ahame nchi kabla tu ya kuanza kuchangia, na kufanya hivyo nchi baada ya nchi, huenda havunji sheria hata moja. Lakini ni mgeni wa siku mbili katika kila nyumba, na hakuna nyumba imjuayo mkono wake.

Kodi za nyumba nazo ni jambo la kuangaliwa. Mwezi wa Julai 2025 watu waliandamana katika Jiji la Mexico, katika mitaa ya Roma na Condesa, wakilalamika kwamba wageni wenye mishahara ya dola wapandisha kodi hata wenyeji wahama. Wengine walivunja vioo vya maduka na kutukana wageni, na Rais Claudia Sheinbaum alilaumu chuki ile, huku akikiri kwamba shida ya nyumba ni ya kweli. Sisi tusimlaumu mgeni mmoja kwa bei ya mji mzima. Sababu za bei ni nyingi, na wenye nyumba na serikali wana sehemu yao. Walakini mgeni asiseme, "Haya hayanihusu." Aweza kuuliza majirani wanalipa kiasi gani kabla ya kukubali bei yoyote kwa kuwa kwake ni rahisi. Aweza kununua sokoni, kujifunza salamu na lugha, na kuwafundisha vijana wa mtaa kazi anayoijua. Viza humfanya awe halali. Haimfanyi kuwa jirani. Hilo atalifanya mwenyewe.

Tena asimsahau bwana wake wa kazi. Wako wanaoficha hata mahali walipo, wakiipitisha intaneti yao kwa mitambo ya nchi nyingine ili ofisi idhani bado wako nyumbani. Kufanya hivyo ni kumtwika mwenye kampuni hatari asiyoijua, maana mtumishi akikaa nchi nyingine muda mrefu, kampuni yenyewe yaweza kudaiwa kodi na michango huko. Kama ni aibu kumficha mwenyeji shamba, ni aibu vilevile kumficha mwenye shamba mahali unapolala.

Kwa hiyo, ndugu walimu, kijana akija kuomba barua, msimfukuze, wala msiandike kila atakalo. Andikeni yale mnayoyajua wenyewe: jina lake, muda mliomfahamu, mwenendo wake. Habari za mshahara na aziandike bwana wake. Akiwaomba mseme kwamba aenda arusini, nanyi mwajua aenda kufanya kazi, ikataeni barua, lakini msimkatae kijana. Ketini naye, someni pamoja masharti ya nchi ile kama yalivyotangazwa na serikali yake yenyewe, mhesabu pamoja ada na miezi. Huenda mtaona kwamba mlango upo, naye aweza kuupita bila kuinama. Huenda mtaona kwamba kwa mwaka huu haumfai. Hapo jembe lake bado li mkononi, na shamba lake la mbali aweza kulilima akiwa hapa, karibu na mama yake, akiilipia kodi barabara ipitayo mlangoni pake.