Rangi ya Ukuta wa Samaki

Mambo makubwa ya haki huwa na mashahidi wengi; madogo aghalabu hayana shahidi ila dhamiri ya mtendaji. Miongoni mwa hayo madogo ni jambo la mtu afugaye samaki nyumbani katika tangi la kioo, ambaye hana budi kuamua upande wa nyuma wa tangi lake uvikwe nini: rangi nyeusi, rangi ya samawati, picha ya matumbawe, mwamba wa kutengenezwa, au uachwe wazi. Dukani swali hili huhesabiwa kuwa ni la pambo. Lakini ndani yake limo swali jingine lililo zito zaidi: mwenye nguvu akimpangia asiye na nguvu mahali pa kuishi, apange kwa jicho la nani?

Ufugaji wa namna hii si wa kale sana. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, alieleza jinsi samaki, konokono na mimea ya majini walivyoweza kudumu pamoja katika chombo kimoja, kila mmoja akimfaa mwenziwe. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa kwa watu wote katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilicholieneza neno akwariamu. Baadhi ya matangi ya miaka ile yalikuwa na kioo mbele tu. Mgongo na mbavu zake zilikuwa za jiwe jeusi, mfano wa lile la vibao vya kuandikia shuleni. Hapo palikuwa na hekima. Nuru ya mtoni na ziwani hushuka kutoka juu. Tangi lililo wazi pande zote nne ni kitu ambacho maji ya asili hayakijui: nuru huingia mbele na nyuma, utando wa kijani husitawi upesi juu ya vioo, na kivuli cha kila apitaye humwangukia samaki asiye na pa kukimbilia.

Mtetezi wa pambo naye ana hoja zake. Tangi lilinunuliwa kwa fedha za mwenye nyumba, likawekwa barazani pake ili limburudishe yeye na wageni wake. Waya, bomba na ukuta uliobabuka, vyote huonekana kupitia kioo kitupu. Kuna ubaya gani kuvificha kwa picha nzuri ya bahari? Wala samaki hasomi picha. Kwa hoja hii uchaguzi wote ni wa jicho la mwanadamu, na mwenye jicho ndiye mwenye haki.

Hoja hii ingekuwa na nguvu lau samaki asingejali kilicho kando yake. Walakini sivyo. Francis Sumner, mtaalamu wa Marekani, alichapisha mwaka 1911 uchunguzi alioufanya huko Naples juu ya samaki bapa wa jamii ya gayogayo. Aliwaweka juu ya sakafu za rangi na madoa mbalimbali, akaona ngozi zao zikijitahidi kufanana na sakafu zile, macho yao ndiyo yakiiongoza ngozi. Mwaka 1934 alitoa matokeo ya jaribio jingine. Samaki wadogo walao viluwiluwi vya mbu waliwekwa kwanza, wengine katika matangi meusi, wengine katika meupe, hata wakapata rangi ya makao yao. Kisha wa aina zote mbili wakachanganywa mbele ya ndege aina ya ngwini. Wale ambao rangi yao ilihitilafiana na tangi waliliwa zaidi kuliko wenzao.

Maana ya mambo haya ni kwamba ukuta wa samaki si kitu kilicho nje yake. Ni vazi lake na ngao yake. Awekwapo penye weupe mtupu, wengi wa jamaa zake hufifia rangi, kwa kuwa mwili hutafuta kujificha mahali pasipo maficho. Na hapa mpenda pambo hupata hasara katika jambo lile lile alilolitaka: alichagua weupe ili rangi za samaki zionekane, na rangi zenyewe zikapungua. Vivyo hivyo kwa atiaye kioo cha kujitazamia ili tangi lionekane refu. Dume lenye wivu wa makao huona mbele yake adui asiyechoka wala kushindwa, akapigana na sura yake mwenyewe.

Mfano wa Ziwa Tanganyika waweza kulifafanua jambo hili. Samaki wengi wa pambo husafirishwa kutoka Kigoma na Bujumbura kwenda ng'ambo. Wengi wao ni wa ukoo mmoja na perege na sato, nao huishi katika miamba ya kandokando ya ziwa, ambamo kila ufa ni nyumba na kila nyumba ina mwenyewe. Samaki wa namna hiyo akitiwa mbele ya picha ya matumbawe ya bahari, ni nani aliyedanganywa? Si samaki, maana picha imebandikwa nje ya kioo, haimpi kivuli wala pango. Aliyedanganywa ni mgeni barazani, na pamoja naye mwenye nyumba, ambaye huona uzuri akadhani ameona raha.

Mwamba wa saruji nao ni wa bandia, haukutoka ziwani. Lakini una matundu ya kweli na kivuli cha kweli. Basi kutengenezwa na kudanganya si jambo moja. Bandia imfaayo aliye ndani ina ukweli mwingi kuliko picha halisi isiyomfaa. Hata hivyo mwamba huo wataka uangalifu. Saruji mbichi hutoa chokaa majini. Samaki wa Tanganyika, ambao maji yao ni magumu, huweza kuistahimili kiasi kuliko wale wa mito laini ya Amazon. Na mwanya ulioachwa nyuma ya mwamba huweza kumnasa samaki akafia humo bila kuonekana.

Atatokea mpinzani aseme kwamba haya yote ni kulipamba gereza. Mwenye huruma ya kweli, atasema, hatii samaki tanguni kabisa. Neno hilo si la kupuuzwa, wala rangi nyeusi hailipi bei ya uhuru. Lakini deni lisiloweza kulipwa lote halimpi mdaiwa ruhusa ya kutolipa lolote. Mpinzani wa pili atasema ni aibu kufikiria ukuta wa samaki ilhali wako watu wasio na kuta. Lakini mara nyingi anayewajengea wengine wodi, bweni au nyumba za kupanga huchagua kwa jicho lile lile la barazani: upande wa mbele hupakwa rangi kwa ajili ya mkaguzi, na upande wa kitanda husahauliwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ajuaye hivyo hulazimika kuuliza, na asiyeweza kuulizwa kwa maneno huulizwa kwa kutazamwa.

Kwa hiyo uamuzi wa haki katika jambo hili ni mwepesi kuliko mjadala wake. Rangi ya giza, ipakwe nje ya kioo ili isiguse maji, humpa samaki upande mmoja usio na hofu. Ila yake ni kwamba kioo kilichotiwa giza huweza kumrudishia samaki sura yake, na mawe na mimea iliyopandwa mbele yake hupunguza ila hiyo. Kisha mwenye tangi na angoje siku chache, atazame: je, samaki amebana pembeni, rangi imemtoka, au anakula na kutembea kwa utulivu? Jibu likiwa baya, ukuta na ubadilishwe, hata kama wageni wameusifu.