Hesabu na Maisha ya Mwanachuo

Katika jamii nyingi za nchi yetu ilikuwa mwiko zamani kuwahesabu watoto kwa kidole. Mgeni aliyemwuliza mama idadi ya watoto wake alijibiwa kwa mafumbo, au alitajiwa majina yao mmoja mmoja. Na mchungaji aliyemjua kila ng'ombe kwa rangi na kwa mlio wake hakuona faida ya kujua jumla yao. Iliaminika kwamba kilichohesabiwa hufikiwa na kijicho. Mwaka 1948, serikali ya kikoloni ilipofanya hesabu ya kwanza kamili ya watu wa Kenya na kupata zaidi kidogo ya milioni 5, haingekuwa ajabu mzee kushuku kwamba nyuma ya karani wa hesabu alikuwako mtoza kodi. Leo twaucheka mwiko huo, na pengine twacheka mapema mno. Ndani yake lilikuwamo swali lenye akili: huyu anayenihesabu ataka nini kwangu?

Mwanachuo wa leo amehesabiwa kuliko mwanakijiji yeyote wa mwaka ule. Kabla hajakanyaga chuo amekwisha kuwa namba ya mtihani. Akifika hupewa namba ya usajili. Akiomba mkopo huulizwa mapato ya wazazi wake. Muhula ukiisha huulizwa habari za walimu wake. Na katikati, mtafiti humletea karatasi ya maswali, siku hizi kwa njia ya simu: Hulala saa ngapi? Hula mara ngapi? Una furaha kiasi gani, tangu moja hata tano? Msomaji ambaye angali katika shule ya sekondari atakutana na maswali haya baada ya miaka michache, na ni vema akutane nayo akiwa amekwisha kuyafikiri. Je, twaweza kumfahamu mtu kwa kumhesabu? Na kama twaweza, je, tuna haki?

Yafaa kwanza tuitendee hesabu insafu. Mkuu wa chuo asiyehesabu huwajua wanafunzi wa namna mbili tu: yule anayemsifu na yule anayemsumbua. Baina ya hao wawili wamo maelfu ambao hawajapata kubisha hodi katika ofisi yake. Msichana anayekula mlo mmoja kwa siku ili asigusе nauli ya kurudi nyumbani hapigi kelele, haandamani, wala haandiki barua. Huenda darasani, huketi nyuma, husinzia, na mwalimu humdhania mvivu. Asipotokea mtu wa kuuliza kwa utaratibu, wanaoonekana na wasioonekana sawasawa, njaa yake itabaki siri baina yake na tumbo lake. Masimulizi ya mtu mmoja huweza kupuuzwa kuwa ni bahati yake mbaya. Mia tatu wakisema neno lile lile bila ya kushauriana, bahati mbaya haiwezi tena kuwa jina la jambo hilo. Asemaye kwamba hesabu ni kitu kikavu kisichofaa kwa mambo ya moyo, aghalabu ni mtu ambaye mambo yake hayajapata kusahauliwa.

Lakini hesabu husema kweli kwa yule tu anayejua kuiuliza. Kisa mashuhuri cha jambo hili kilitokea Marekani, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Mwaka 1973 wanaume 8,442 na wanawake 4,321 waliomba nafasi za masomo ya juu chuoni humo. Katika wanaume walikubaliwa 44 kwa kila mia. Katika wanawake, 35. Mwenye macho mawili angesema nini ila kwamba wanawake walidhulumiwa? Pengo lilikuwa kubwa mno kuitwa sadfa. Wataalamu watatu, Bickel, Hammel na O'Connell, walipolichunguza jambo hilo idara kwa idara, na kuyatangaza matokeo yao mwaka 1975, waliona ajabu: dhuluma ile haikuonekana. Katika idara nyingi mwanamke alikuwa na nafasi sawa na mwanamume, na zikijumlishwa kwa njia iliyo sawa, wanawake walipendelewa kidogo.

Iwezekanaje? Msomaji achukue kalamu tuhesabu pamoja kwa mfano wetu wenyewe. Tuseme chuo kina idara mbili. Katika idara ya kwanza nafasi ni nyingi, na nusu ya waombaji hukubaliwa, awe mume au mke. Katika idara ya pili nafasi ni haba, na hukubaliwa mmoja katika kumi, awe mume au mke. Wanaume 80 wanaomba idara ya kwanza na 20 idara ya pili. Wanawake 20 wanaomba ya kwanza na 80 ya pili. Wanaume watakaokubaliwa ni 40 na 2, jumla 42. Wanawake ni 10 na 8, jumla 18. Kila mlango umepima kwa haki, na nyumba nzima yaonekana kuwa ya wadhalimu. Mtu aliyeishika jumla peke yake angewafukuza wakuu wa idara wasio na hatia.

Hapo wengi hufunga kitabu wakisema kwamba suala limekwisha. Mimi naona ndipo lilipoanza. Kwa nini wanawake walijipanga kwenye milango iliyosongamana? Nani aliwaambia, walipokuwa wasichana wa miaka kumi na mitatu, kwamba hisabati si yao? Wataalamu wale hawakulikwepa jambo hili. Walikiri kwamba malezi na elimu ya awali huwasukuma wanawake kuelekea masomo yenye msongamano na yenye fedha chache. Kwa hiyo dhuluma haikuwa imetoweka. Ilikuwa imehama, ikakaa miaka mingi nyuma ya siku ile ya kuomba nafasi, mahali ambapo karatasi za chuo hazifiki. Hesabu iliyofanywa vizuri iliwaondolea hatia watu wa karibu, ikatuonyesha kwa mbali njia inayoelekea kwa wenye hatia. Ni kazi kubwa hiyo, na haikuweza kufanywa kwa hasira.

Hatari nyingine imo katika neno wastani. Mwaka 1835 Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa nyota, alitoa kitabu ambamo alimweleza mtu wa wastani, kana kwamba huyo ndiye mtu kamili na sisi wengine ni makosa ya mkono wa Muumba. Zaidi ya miaka mia baadaye jeshi la anga la Marekani lilitaka kutengeneza viti vya ndege vinavyomfaa rubani wa wastani. Kijana mmoja, Gilbert Daniels, alichukua vipimo kumi vya miili ya marubani 4,063, akatafuta ni wangapi walio karibu na wastani katika vipimo vyote kumi. Hakumpata hata mmoja. Kiti kilichokuwa kimekusudiwa kila mtu kilikuwa hakimfai mtu. Basi tukisikia kwamba mwanachuo wa wastani hulala saa kadha, husoma saa kadha na hutumia shilingi kadha, tukumbuke kwamba mwanachuo huyo hana kitanda katika bweni lolote. Ratiba, karo na chakula vikipangwa kwa ajili yake, wanaoumia ni walio hai.

Kuna pia suala la nani ajibuye. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilipeleka karatasi za kura za mfano kwa watu wapatao milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Anwani zilikuwa zimetoka zaidi katika orodha za wenye simu na wenye magari, na walioona haja ya kujibu hawakufanana na walionyamaza. Chuo kinachouliza juu ya umaskini kwa njia ya intaneti, nacho kikangoja majibu ya asiye na salio, kinarudia kosa lile lile.

Lakini tuseme ameulizwa kila mtu, na kila mtu amejibu. Je, amejibu kweli? Nakiri jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, katika chuo ambacho sina haja ya kukitaja, kijana mpole alinikuta nje ya maktaba na karatasi yake, akaniuliza nala mara ngapi kwa siku. Nikasema mara tatu. Siku ile nilikuwa nimekunywa chai ya rangi asubuhi, na sikuwa na matumaini ya jingine hata jioni. Sikumdanganya kwa kutaka faida. Hapakuwa na faida. Nilimdanganya kwa sababu alikuwa rika langu, viatu vyake vilikuwa safi, na rafiki zangu wawili walikuwa wamesimama karibu. Heshima ilijibu kabla yangu. Jibu langu likaandikwa, likajumlishwa na mengine, na pengine mahali fulani lilisaidia kuthibitisha kwamba wanachuo wanakula vizuri. Mwenzangu ambaye njaa yake ilikuwa kubwa kuliko yangu alipata hasara kwa uongo wangu, nami simjui.

Wako watu waliolifikiria jambo hili kwa huruma. Mwaka 1965 Mmarekani Stanley Warner alibuni njia ya kuuliza swali la aibu bila ya kumwaibisha anayeulizwa. Yeye alitumia kishale cha kuzungusha. Wengine baadaye waliigeuza njia hiyo wakatumia sarafu, na kwa sarafu hueleweka upesi. Kila mwanafunzi hurusha sarafu peke yake, asionwe na mtu. Ikiangukia kichwa, hujibu ndiyo, liwe liwalo. Ikiangukia upande wa pili, husema kweli. Anayeuliza akisikia ndiyo hawezi kujua kama ni ndiyo ya sarafu au ya mtu. Lakini wakiwa wanafunzi 200, ajua kwamba sarafu imewasemea kiasi cha 100; akipata ndiyo 130, zile 30 zilizozidi zimetoka kwa wale 100 walioachiwa kusema kweli, na kwa hiyo jambo hilo lawahusu kama 30 katika kila mia. Amepata kweli ya kundi zima bila ya kuichukua siri ya mtu yeyote. Ningepewa sarafu siku ile nje ya maktaba, naamini nisingalidanganya. Adabu hapa haikuipunguzia elimu kitu, iliiongeza.

Yote haya ni hesabu ya kutaka kujua. Iko hesabu nyingine, ya kuamua, nayo ndiyo iliyo mbele ya vijana wa Kenya. Mwaka 2023 serikali ilianzisha utaratibu mpya wa kugharimia masomo ya vyuo vikuu. Mwanafunzi alitakiwa kujaza habari za nyumba yao, na kwa habari hizo chombo cha kupima uwezo kikampanga katika daraja la uhitaji. Daraja ndilo lililosema serikali itamlipia kiasi gani, atakopeshwa kiasi gani, na wazazi watatafuta kiasi gani. Nia yenyewe haikuwa mbaya: maskini apewe zaidi, tajiri apewe kidogo. Kelele zilitoka kwa waliojiona wamewekwa pasipo mahali pao, watoto wa vibarua waliohesabiwa kuwa wenye uwezo. Mwaka 2024 wanafunzi waliupinga waziwazi, na mwezi wa Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba. Serikali ikakata rufaa.

Sitaki kuamua shauri la mahakama katika insha. Nataka msomaji aone tofauti. Mtafiti akikosea juu yangu, kosa langu humezwa na majibu ya wengine elfu. Chombo cha kuamua kikikosea juu yangu, hakuna mwingine wa kulimeza. Ni mimi ninayerudi nyumbani na sanduku. Tena, swali likishafungwa pamoja na fedha, jibu huanza kupinda. Mwenye kujua kujieleza hujieleza kwa hali ya kusikitisha, na yule aliyefunzwa na mamake asitangaze dhiki ya nyumba yao huandika kwamba paa lao ni zima. Kwa hiyo kipimo huwaadhibu hasa wenye staha. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yaelekea kuijua hatari hii, kwa kuwa yampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zinatakiwa kwa kazi gani, na haki ya kutoamuliwa jambo kubwa la maisha yake na mtambo peke yake. Lakini haki hiyo yataka mtu mwenye kuisimamia: karani aliye tayari kuinua macho kutoka kwenye daraja lililoandikwa, akamtazama aliyesimama mbele yake, akamwuliza upya, faraghani.

Karatasi ile niliyojibu nje ya maktaba ilikuwa na mistari mitatu mitupu chini kabisa, chini ya maneno haya: Je, una jambo jingine la kutuambia? Yule kijana alinyamaza kidogo hapo, kalamu mkononi, akaningoja. Rafiki zangu wakacheka juu ya jambo jingine. Nikasema sina.